Navi ya Kijapani, simu na njia ya Makangale: GPS inavyofanya kazi ndani ya gari

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, anauliza:

"Assalaam alaykum. Nimeagiza Toyota Noah kutoka Japani, nikaipokea bandari ya Malindi, Unguja, na kuivusha Pemba. Navi yake, ile skrini ya ramani ya gari, inaniweka katikati ya buluu tupu kama nimo baharini, na tarehe imerudi nyuma miaka chungu nzima. Fundi kaniambia GPS ya Japani haisomi Afrika, ninunue redio ya Android. Mpwa wangu anasema simu inatosha, ila naogopa itanimalizia bando. Nimeijaribu kutoka Konde kwenda Makangale, ikanitia njia ya gari la ng'ombe, na nikisimama mshale unajizungukia wenyewe. Kipi kibovu hapa? Na haya maneno, setilaiti, kodineti, ruti, naomba nifafanuliwe."

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza, hakuna kilichoharibika. Hiki ambacho wengi tunakiita GPS ni kazi tatu mbalimbali zilizokaa nyuma ya skrini moja. Kuna kipokezi, kinachojua ulipo. Kuna ramani, inayojua hapo ulipo pana nini. Halafu kuna programu inayochagua upite wapi. Kila moja inakosea kwa namna yake, na ukishajua iliyokosea ni ipi, hutonunua kifaa usichokihitaji. Navi yako kipokezi chake ni kizima, isipokuwa ramani yake ni ya kwengine. Simu yako ina kipokezi na ramani, ilichokosea ni uchaguzi wa njia. Mshale unaozunguka nao si ugonjwa, tutaufikia.

Nianze na kipokezi, kwa sababu hapo ndipo penye uvumi mwingi.

GPS ni mfumo wa Marekani, lakini ishara yake ni bure kwa dunia nzima. Setilaiti zake, yaani mitambo iliyorushwa angani, hazipungui 24, kwa kawaida huwa 30 na kidogo, ziko juu kiasi cha kilomita 20,200 na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku. Setilaiti haikuoni na wala haijui kama upo. Inatangaza tu: mimi ni nambari fulani, nipo hapa, na saa yangu hivi sasa ni hii. Kipokezi kinasikiliza na kupima tangazo limechukua muda gani kufika, kisha kinageuza muda ule kuwa umbali. Ishara inakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosea mita 300. Setilaiti zina saa za atomiki. Simu haina, na haiwezi kuwa nayo. Ndiyo maana setilaiti tatu hazitoshi: tatu zingempatia mahali mwenye saa sahihi, ya nne ni ya kusahihisha saa ya simu yenyewe. Chini ya nne, usitarajie kitu cha maana.

Hakuna GPS ya Japani isiyosoma Afrika. Japani wana setilaiti zao za nyongeza, Michibiki, zilizoanza kurushwa mwaka 2010, nazo zimepangwa kuhudumia Japani na upande ule wa Asia hadi Australia. Lakini kipokezi cha Noah yako kinasikiliza GPS ile ile inayopita juu ya Wete. Simu za siku hizi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya Uchina, ndiyo maana ukifungua programu ya kuonyesha setilaiti unaweza kuona 20 au 30 kwa pamoja.

Bando basi? Kupokea ishara hakuli hata MB moja. Toa laini kabisa kwenye simu, GPS itakuonyesha ulipo. Bando linaliwa na vitu vya pembeni: kushusha picha za ramani, kutafuta jina la mahali, hali ya foleni. Na kuna msaada mmoja wa mtandao ambao watu hawaujui, nao ni kuharakisha kuanza. Kila setilaiti hutoa maelezo yake ya mzunguko kwa mwendo wa polepole, yakirudiwa kila sekunde 30, na orodha ya setilaiti zote kwa ukamilifu wake huchukua dakika 12 na nusu. Simu yenye mtandao huyapata hayo kwenye intaneti kwa sekunde chache. Isiyo na mtandao inabidi iyasikilize kutoka juu. Ukiwasha simu iliyozimwa siku nyingi na papo hapo ukaanza kuendesha chini ya mikarafuu, zile sekunde 30 zinakatika katikati, inaanza upya, zinakatika tena, nawe unasema GPS mbovu. Simama mahali peupe dakika mbili tatu, ikishakushika ndipo uondoke.

Ikikushika, simu ya kawaida penye uwazi hukosea mita tano hivi. Usiwaamini wanaokwambia inajua upande gani wa njia umeegesha. Yale mambo ya Marekani kuipotosha ishara ya raia kwa makusudi yalikuwepo kweli, ila yalisitishwa Mei 2000. Siku hizi kinachoharibu usahihi ni mazingira. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ishara hugonga ukuta mmoja kabla ya kukufikia, njia inarefuka, na kipokezi kinakuhesabia umbali wa uongo. Utajiona umeruka nyumba mbili tatu. Msitu wa Ngezi haurushi ishara hivyo, unaidhoofisha tu. Vioo vyenye tinti ya madini navyo huidhoofisha. Na mkosaji mmoja asiyeshukiwa ni kamera ya dashibodi ya bei poa, au chaja ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari: baadhi hutoa kelele za umeme kwenye masafa (frikwensi) yale yale ya GPS. Ukiona simu inapoteza mahali kila ukiichaji, chomoa chaja uone. Huku kwetu karibu na ikweta, tabaka la juu la anga nalo huchafuka baada ya magharibi katika baadhi ya miezi, na ishara hutetema. Hilo huna la kulifanya, na kwa gari halina madhara makubwa.

Kupima si kazi. Ile duara inayozunguka kitone chako kwenye ramani ndiyo kukiri kwa simu kwamba "nakosea kiasi hiki". Duara ndogo, kipokezi kimeshika. Duara inayofunika nusu ya mji, simu haijapata setilaiti bado, inakisia kwa minara ya simu. Ukitaka kwenda ndani zaidi, programu ya setilaiti itakupa nguvu ya kila ishara: 35 hadi 45 ni nzuri, chini ya 25 ni dhaifu. Humo humo kuna kipimo cha HDOP, kinachoeleza setilaiti zimetawanyikaje angani. Zikiwa zimetapakaa pande zote namba huwa chini ya 2, nayo ni nzuri. Zikijazana upande mmoja, kwa mfano ukiwa umebanwa na ghorofa za Michenzani, namba inapanda na usahihi unashuka hata kama ishara zina nguvu.

Sasa mshale. GPS inajua ulipo, haijui umeelekea wapi. Mwelekeo inaupata kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo, au kwa mabadiliko ya masafa ya ishara wakati unakwenda. Ukisimama hakuna cha kulinganisha, zinabaki zile tofauti za mita mbili tatu za huku na huku, na mshale unazifuata. Simu hujaribu kusaidia kwa dira yake ya sumaku, lakini dira iliyo karibu na spika au chuma cha gari hudanganyika, khasa ukiwa na kishikio cha sumaku. Kwa hiyo ukiambiwa "elekea kaskazini" na hujui kaskazini ni wapi, sogea mita 20 au 30, mshale utakaa sawa wenyewe.

Tuje kwenye Noah. Navi za gari za soko la ndani la Japani zina ramani ya Japani peke yake, iwe kwenye DVD, hadidisiki au kadi ya SD. Kipokezi kinasema kwa usahihi kabisa kwamba uko Wete, ramani haina Wete, basi skrini inakuchorea buluu. Nyengine hubaki zimeganda pale gari ilipozimwa mara ya mwisho, kwenye yadi fulani huko huko. Usimpe mtu pesa akuwekee "ramani ya Afrika" kwenye navi hizo. Programu na ramani yake vimefungwa pamoja, na nyingi hazina hata lugha nyengine ya kuchagua. Lakini pia usiitoe ile kadi ya SD kwa kuona haina kazi. Kwenye baadhi ya navi, kadi ikitoka hata redio na Bluetooth hazifanyi kazi tena, na betri ikichomolewa zinadai nambari ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza hakukuachia. Ukibadilisha betri, mwambie fundi aunganishe betri ya pembeni kwanza ili umeme usikatike.

Tarehe iliyorudi nyuma ina sababu yake. GPS huhesabu wiki kwa tarakimu zinazofika 1,023 na kurudi sifuri. Imesharudi sifuri mara mbili, Agosti 1999 na Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho hakikusasishwa hudhani bado ni mzunguko uliopita, kikakupa tarehe ya miaka 19 na miezi saba nyuma. Mahali hakikosei, ni tarehe tu. Saa nayo itakuwa ya Japani, iliyo mbele yetu kwa saa sita. Hilo kwa Mswahili ni neema: saa moja ya asubuhi ya Pemba, navi ya mtindo wa saa kumi na mbili inasoma 1:00.

Na ile sauti ya Kijapani kila ukiwasha gari, kwa kawaida si navi. Ni kifaa cha kulipia njia za ushuru huko kwao kinacholalamika hakijawekewa kadi. Huwa chini ya dashibodi au kwenye kisanduku cha abiria. Kichomolewe waya wake, kitanyamaza na gari haitadhurika.

Kodineti ni anwani ya mahali kwa namba mbili: latitudo, yaani umbali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini, na longitudo, kutoka mstari wa Greenwich kwenda mashariki au magharibi. Mji wa Chake Chake uko kiasi cha -5.246, 39.766. Alama ya kutoa ni ya kusini. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hivyo tuangalie kwa karibu. Ukiisahau alama ya kutoa, unapelekwa kusini mwa Ethiopia. Ukizigeuza namba, ukatanguliza 39.766, unatokea Hispania. Kosa la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani kuwa kosa. Mahali hapo hapo huandikwa pia kwa nyuzi, dakika na sekunde: nyuzi 5, dakika 14, sekunde 46 kusini. Mtu akiiandika haraka haraka 5.1446, amekosea, kwa kuwa dakika ni sehemu ya 60 na si ya mia. Hesabu yake ni 5, jumlisha 14 gawa kwa 60, jumlisha 46 gawa kwa 3,600, unapata 5.246. Yule wa 5.1446 atajikuta kaskazini ya Chake kiasi cha kilomita 11, karibu nusu ya mwendo wa kuja kwako Wete, kwenye ramani pakionekana Pemba hiyo hiyo.

Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha, ya tano ni mita moja na kidogo. Ukitumiwa lokesheni kwa WhatsApp, hakikisha ni ya mahali palipobandikwa na si ile ya moja kwa moja inayomfuata mtu. Vyenginevyo utamfuata mwenyeji wako mpaka sokoni. Na kabla ya kuondoka ulizia msikiti au skuli iliyo karibu. Ramani nyingi zinayajua majina hayo kuliko namba za nyumba.

Upande wa simu, chagua programu inayoweka ramani nzima ndani. Organic Maps na OsmAnd zinatumia OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Zanzibar imenufaika nayo, kwani kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi pamoja na chuo kikuu cha SUZA walipiga picha visiwa kwa droni, na picha zile zikasaidia kuchora. Google Maps nayo inakubali kushusha eneo ukiwa kwenye Wi-Fi, ikakuongoza kwa gari bila mtandao, ila hutapata foleni. Ila kumbuka picha ya kutoka juu inaonyesha mstari wa udongo. Haionyeshi kama Noah inapita.

Hapo ndipo penye siri ya njia yako ya Makangale. Ruti ni mlolongo wa vipande vya njia ambao jumla ya gharama yake ni ndogo kuliko mingine yote. Kanuni ya kuutafuta ilichapishwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959, na programu za leo bado zimejengwa juu yake. Gharama kwa kawaida ni sekunde. Chukua mfano: njia kubwa kilomita 6 kwa kilomita 60 kwa saa, dakika 6. Njia ya udongo kilomita 3, programu imeikisia kilomita 40 kwa saa, dakika nne na nusu. Imechagua udongo, na kwa hesabu yake iko sahihi. Lakini kwa mabonde na matope ya Pemba mwezi wa masika utakwenda kilomita 10 kwa saa, na hizo ni dakika 18, ukiwa hukukwama. Aliyechora hakuiandika kuwa ni njia ya gari la ng'ombe, kaiandika njia ya kijiji, na programu imemwamini.

Kwa hiyo weka mipangilio hii kabla ya safari. Chombo kiwe gari. Njia iwe ya haraka, usiweke fupi, maana fupi ndiyo inayopenda vichochoro na mashamba. Washa sehemu ya kuepuka njia zisizo na lami, kama programu unayotumia inayo. Unguja hii ni muhimu zaidi upande wa mashariki, ambako njia za panya hupita kwenye maweni na yale mawe makali hukata ubavu wa tairi, mahali pasipozibika. Bado inang'ang'ania? Ongeza kituo cha katikati juu ya njia unayoitaka, nayo italazimika kupita hapo. Kisha itazame ruti nzima kabla ya kuondoka. Mstari ukiacha njia kubwa bila sababu unayoijua, muulize mtu.

Ukiiacha ruti, programu hupanga upya baada ya kuona umetoka nje ya mstari, na huo mstari inaufuata kwa kukubandika kwenye njia iliyo karibu nawe zaidi. Ndiyo maana kwenye njia mbili zinazokwenda sambamba inaweza kudhani uko ya pili. Usikanyage breki kwa amri ya simu. Kwenye mzunguko wa barabara huhesabu matoleo, yaani njia za kutokea, kuanzia kushoto kwako: pale Michenzani la kwanza ni kushoto, la pili ni moja kwa moja, la tatu ni kulia. Muda wa kufika uuongeze wewe mwenyewe, kwa sababu programu haihesabu kila tuta, wala yale ya msitu wa Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju. Na ukiona kasi ya simu iko chini kidogo kuliko ya dashibodi, ya simu ndiyo ya kweli zaidi. Spidomita hutengenezwa isome juu kidogo, isisome chini kamwe.

Simu iweke kwenye kishikio mbele ya tundu la kiyoyozi, usiilaze juu ya dashibodi: jua la mchana huichemsha, inapunguza mwanga na kukataa kuchaji. Zima hali ya kuokoa betri, na kwenye ruhusa za programu ruhusu mahali kamili.

Je, redio ya Android uinunue? Kwa GPS peke yake, hapana, simu inakutosha. Ukiitaka kwa skrini kubwa na redio inayoshika stesheni zetu zote, basi inunue, maana ya Kijapani huishia megahezi 90 na kidogo. Nafasi ya redio kwenye Toyota ina upana wa sentimita 20, si 18 za redio za kawaida, kwa hiyo uliza fremu yake. Kamera ya nyuma mwambie fundi aipime kwanza: baadhi ya kamera za kiwandani za Toyota zinatumia volti 6, na akizipa 12 zinaungua. Antena ya GPS ni kile kisanduku cheusi kidogo chenye sumaku. Kilale chali, uso wake ukitazama juu, chini ya kioo cha mbele, kisifunikwe na chuma wala tinti ya madini. Mafundi wenye haraka hukitupa nyuma ya redio, kati ya mabati. Kabla dashibodi haijafungwa, toeni gari penye uwazi, fungua ukurasa wa setilaiti na usubiri zifike nane zenye nguvu ya zaidi ya 30. Kisha afunge, uangalie tena. Namba zikishuka sana, afungue akakihamishe kabla hujamlipa.